Sentimita 43 kati ya mume na mke: kisa cha gari moja na madereva watatu

Usuli

Familia hii inaishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Nitawaita Baba J na Mama J. Herufi hiyo si ya mtoto wao, na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa. Baba J ana urefu wa sentimita 194, yaani futi sita na inchi nne. Mama J ana sentimita 151. Dereva wa tatu ni mdogo wake Mama J, kijana wa sentimita 172, anayechukua gari wikiendi kupeleka mizigo ya duka. Huyu tutamwita Shemeji, kama Baba J anavyomwita.

Walikuwa na Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kati ya 2002 na 2007. Gari lenyewe halikuwa na kosa: injini nzima, mafuta inanusa tu, vipuri vimejaa mjini. Aliyelichagua ni Shemeji. Alienda yadi, akakaa, akazunguka nalo mtaa mmoja, akarudi na jibu kwamba liko poa. Na kwake lilikuwa poa kweli.

Mama J ndiye dereva wa asubuhi: watoto shuleni, kisha kazini. Jioni gari linahamia kwa Baba J kwa shughuli za duka. Kwa hiyo kila siku kiti kilivutwa mbele hadi mwisho, kikasukumwa nyuma hadi mwisho, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayekiharibu.

Akiendesha Baba J, goti la kulia liligusa chini ya usukani kila alipoinua mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Ili goti lipite alilaza mgongo wa kiti, na akishaulaza mikono inanyooka kabisa kuufikia usukani. Baada ya foleni ya saa moja kiuno kinawaka. Akisimama wa kwanza kwenye taa za barabarani, ilimbidi ainame mpaka kidevu kikaribie usukani ndipo aone kama zimekuwa kijani.

Mama J yeye alikaa juu ya mto wa sofa. Mto ulimpa macho ya kuona barabara lakini ulimnyima miguu, maana kila sentimita aliyopanda ilimwondoa kwenye pedeli, naye akazidi kuvuta kiti mbele. Mkanda ulimkata shingoni, akawa anaupitisha chini ya kwapa. Hili la mkanda ndilo lililonishtua kuliko yote niliyoyasikia kwao, na wao walilitaja mwishoni, kama jambo dogo.

Walichokuwa wamekusudia

Waliponitafuta walikuwa wameshaamua: wauze IST, wanunue gari kubwa la juu. Baba J alikuwa na hoja moja tu. "Kaka, mimi mrefu, nahitaji gari refu." Mama J hakupinga, ila alisema akikaa kwenye magari hayo anajiona mtoto aliyeachiwa usukani achezee.

Mpango wa pili ulikuwa wa fundi viti mmoja wa mjini, aliyeahidi kutoboa matundu mapya sakafuni na kurudisha reli za kiti cha IST nyuma. Niliwaomba waliache hilo hata kabla hatujazungumza habari ya gari jipya. Kiti hakifungwi pale kwa ajili ya kukalia tu. Gari likigonga, boliti zile na chuma kilichoimarishwa chini yake ndivyo vinavyobeba uzito wa mtu anayetupwa mbele, na klipu ya mkanda kwa kawaida imefungwa kwenye kiti hichohicho. Bati la sakafuni lililotobolewa kwa drili halina nguvu hiyo. Tena kiti kikirudi nyuma kwa ajili ya baba, Mama J angekutana na reli inayoishia mbali na pedeli. Tatizo la mmoja lingehamia kwa mwingine.

Vipimo

Kabla ya kwenda yadi yoyote niliwapima wakiwa wamekaa. Kila mmoja alikalia stuli ngumu, mgongo na kisogo vikigusa ukuta, tukaweka alama ya penseli usawa wa utosi na kupima kutoka kwenye stuli hadi alama. Baba J alitoa sentimita 97. Mama J alitoa 79.

Wakisimama wanapishana sentimita 43. Wakikaa wanapishana 18 tu. Zile 25 zilizobaki ziko miguuni. Baba J ni mtu wa miguu mirefu na kiwiliwili cha kawaida kwa mtu wa kimo chake, kwa hiyo paa halikuwa adui yake, na ndani ya IST kichwa kilikuwa na nafasi. Kilichokosekana ni umbali kati ya kiti, pedeli na usukani. Gari la juu humpandisha mtu kutoka ardhini, lakini halimwongezei hata sentimita moja ya umbali huo kama reli za kiti ni fupi na usukani hausogei.

Kipimo cha pili tulikifanya ndani ya IST kwa rula ya mwanafunzi ya sentimita 30. Mama J alikaa anavyoendesha, tukaweka ncha ya rula katikati ya usukani, penye mfuko wa hewa, na kusoma hadi kwenye mfupa wa kifua. Rula ilisoma 17. Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inashauri umbali huo usipungue sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa hufumka kwa nguvu kubwa na aliye karibu mno hupigwa kabla haujamaliza kujaa. Baba J alitazama ile rula, akamtazama mkewe, na kuanzia hapo habari ya gari refu haikutajwa tena kwa sauti ileile.

Yadini

Tulikubaliana utaratibu mmoja: Mama J anakaa kwanza. Anarekebisha mpaka apate mambo manne kwa pamoja: breki inakanyagwa mpaka chini huku goti likiwa bado limekunja kidogo, kifua kiko zaidi ya sentimita 25 kutoka usukani, mkanda unapita katikati ya bega, na macho yanaona mbele juu ya duara la usukani, si kupitia ndani yake. Akishindwa hata moja, tunatoka bila Baba J kuingia. Dalali mmoja alituona watu wa ajabu. "Bosi, mwache mzee akae, si ndiye mnunuzi?"

Sababu ya utaratibu huo ni kwamba mtu mrefu akibanwa ataumia kiuno na atalalamika, na malalamiko yake yatasikika. Mtu mfupi akibanwa hujisogeza mbele, huongeza mto, hunyamaza na kuendesha. Hatari iko kwake, na yeye ndiye mwepesi wa kusema "nitazoea tu".

Gari la juu alilolitaka Baba J tulilipata, jeusi, linang'aa. Silitaji kwa jina kwa sababu gradi tofauti, yaani viwango vya vifaa, za gari hilohilo huja na usukani na viti tofauti, na nisingependa mtu alikwepe kwa kisa hiki. Lile tulilokalia lilikuwa na sanrufu, yaani dirisha la darini, na fremu yake imeshusha dari kiasi kwamba Baba J, ambaye ndani ya IST ndogo alikuwa na nafasi, hapa nywele ziligusa kitambaa. Mama J aliona boneti na anga. Tuliweka ndoo ya lita 20 mbele ya bampa na kuirudisha nyuma kidogokidogo. Ilifika mbali kabla hajaona hata mshikio wake. Wana watoto wanaocheza getini. Gari hilo likaishia hapo.

Honda Fit ya toleo la pili, la 2007 hadi 2013, ilituchelewesha kwa wema. Usukani wake hupanda, hushuka na huvutika mbele na nyuma, na Mama J alipita mambo yote manne bila mto. Kwa Baba J ilikuwa nusu kwa nusu. Honda waliweka tanki la mafuta chini ya viti vya mbele, jambo linaloacha nafasi nzuri sana nyuma, lakini kiti cha dereva hakishuki sana na reli zake ziliisha kabla miguu yake haijaisha.

Nissan Dualis iliwafaa wote wawili kwa kiti na usukani. Tuliyoiona ilikuwa na paa la kioo, tukasema tutatafuta isiyo nalo. Kilichowarudisha nyuma ni gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Fundi wao wa siku zote hazipendi, na familia iliyozoea IST haikutaka kuanza kutafuta fundi mpya.

Subaru Forester ya SH, iliyotengenezwa Japani kati ya 2007 na 2012, ndiyo iliyomaliza mjadala. Mama J alipandisha kiti, akasukuma usukani ndani kuelekea dashibodi, akavuta kiti mbele. Rula: 27. Nguzo ya mlango ina sehemu ya juu ya mkanda inayoshushwa, mkanda ukahama kutoka shingoni hadi begani. Kisha Baba J akaingia, akashusha kiti hadi chini, akakirudisha nyuma, akauvuta usukani umfuate. Goti likapita. Kichwa kikawa na nafasi, na egemeo la kichwa lilipovutwa juu lilifika usawa wa masikio, wakati kwenye magari mawili ya awali liliishia shingoni.

Shemeji naye alikaa kwenye yote. Yote yakamfaa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolinunua lile lililokuwa yadini. Lilikuwa na sanrufu na limetembea sana. Walilitumia kama kipimo, kisha wakaagiza linalofanana nalo kutoka Japani. Kuagiza bila kukalia ndiko kunakowaumiza wengi: karatasi ya mnada inakuambia kilomita, alama za mikwaruzo na gradi ya hali ya ndani, na kama kuna sanrufu utaona SR, lakini haikuambii goti lako litagusa wapi. Gari moja lenye bei nzuri lilikataliwa kwa herufi hizo mbili tu.

Wa pili ulikuwa injini. Katika toleo hili la SH, mwishoni mwa 2010 Subaru walibadilisha injini ya lita 2.0 ya kawaida kutoka EJ20 yenye mkanda wa taimingi kwenda FB20 yenye mnyororo. Wakachagua ya mnyororo, mwaka 2011, kupunguza gharama moja kubwa ya matengenezo. Kwa umri huo gari hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu, na walipiga hesabu yote kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kulipa senti, wakabaki ndani ya bajeti.

Wa tatu ulikuwa wa viti. Siku gari lilipotoka bandarini fundi viti alishaandaa makava mazito yenye sponji, Baba J akavutiwa. Mama J ndiye aliyekataa, na kwa sababu mbili sahihi: sponji ile ingempandisha baba kuelekea darini na ingeibana mifuko ya hewa ya ubavuni iliyo ndani ya viti vya mbele. Makava yakavishwa viti vya nyuma peke yake, wanapokaa watoto na maji ya matunda.

Matokeo

Mto wa sofa umerudi sebuleni. Mkanda haupiti tena chini ya kwapa. Baba J anaendesha akiwa ameketi wima, na kiuno anakitaja tu akibeba magunia. Taa za barabarani bado anainama kidogo, ila kioo cha mbele cha Forester ni kirefu na ukingo wake wa juu haumzibi kama zamani.

Kuna yaliyokuja tofauti na walivyotegemea. Gari la yadini lilikuwa na kiti cha kuvuta kwa mkono. Lililoagizwa lilikuja na kiti cha umeme, na wote walifurahi siku ya kwanza. Kiti hicho hakina kumbukumbu. Kusafiri kutoka nafasi ya baba hadi ya mama kinachukua muda mrefu kikilia ziiii, asubuhi watoto wameshakaa na shule inasubiri, na tofauti na reli ya mkono hakina tundu la kuhesabu. Mama J alilitatua kwa rangi ya kucha: nukta moja nyekundu kwenye plastiki ya ubavuni mwa kiti, na nyingine kwenye kifuniko cha reli. Zikikutana, ni yeye. Ya Baba J haihitaji alama, ni mwisho wa reli.

Halafu mlango wa nyuma. Buti la Forester hufunguka kwenda juu, na likishafunguka lote Mama J halifikii. Mara ya kwanza akiwa sokoni alimwomba muuza nyanya amfungie. Sasa kuna kipande cha kamba ya manila kimefungwa kwenye kishikio cha ndani, kinaning'inia, anakivuta. Kinachekesha na kinafanya kazi.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kile kipimo cha kukaa. Bila hicho tungetafuta dari kwa mtu ambaye tatizo lake ni miguu. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana sana wakikaa, kwa hiyo ushauri wa "mimi nina urefu kama wako na gari fulani linanitosha" ni wa kusikiliza kwa heshima na kuuacha. Angekuwa Baba J mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, huenda Honda Fit ingefaulu kwa miguu na magari yote yenye sanrufu yangefutwa bila hata kukaliwa.

La pili ni usukani unaovutika. Watu wengi huuhesabu kama raha ya warefu, wakati kwa Mama J uliokoa sentimita nyingi zaidi, kwa sababu unaweza kusukumwa mbali na kifua huku kiti kikibaki karibu na pedeli. Usukani unaopanda na kushuka tu hauwezi kufanya hivyo. Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa dalali kwa niaba ya familia ya watu wa vimo tofauti, ningeuliza hilo, na nisingeridhika na jibu la mdomo. Kuna kishikio chini ya nguzo ya usukani. Kifungue, uvute mwenyewe.

Kosa la mwanzo, la IST, lilitokana na aliyejaribu. Sanamu za majaribio ya ajali zinaonyesha vizuri magari hufikiriwa kwa ajili ya nani: ile ya kawaida ya kiume ina takriban sentimita 175, ndogo ya kike takriban 152, kubwa ya kiume takriban 188. Shemeji anakaribia sana ile ya katikati. Mama J yuko chini kidogo ya ndogo na Baba J yuko juu ya kubwa. Kumtuma Shemeji akawachagulie gari ilikuwa kumtuma mtu pekee nyumbani ambaye hawezi kuona tatizo, na si kwa uzembe wake. Kila kiti alichokalia kilimwambia ukweli kuhusu yeye.

Majaribio ya yadini yaliishia kwenye kiti cha dereva, na ndiyo maana buti lilipita bila kuguswa. Nafasi ya nyuma ya Baba J nayo ilipita hivyohivyo: kiti chake kikiwa mwisho wa reli, mtoto mkubwa hana pa kuweka magoti, na amehamia upande wa kushoto moja kwa moja. Kuna pia hasara ndogo ambayo IST haikuwa nayo. Saa za IST, yaani kipima mwendo na wenzake, ziko katikati ya dashibodi, kwa hiyo usukani ukae juu au chini hauzizibi. Za Forester ziko nyuma ya usukani, na Mama J akiushusha anavyopenda, sehemu ya juu ya kipima mwendo inajificha. Ameupandisha kidogo, akakubali.

Kuhusu kiti cha umeme, tangazo la muuzaji lilikitaja wazi, kikasomwa na watu wote watatu kama sifa. Kwa dereva mmoja ni sifa. Kwa madereva wanaopokezana kila siku, cha mkono ni chepesi zaidi, isipokuwa cha umeme kiwe na vitufe vya kumbukumbu.

Baba J anayo hoja moja ambayo hajaiacha. Forester inakunywa kuliko IST, anaona kila wiki kituoni, na anasema wangemwachia mama IST wakamtafutia yeye gari la pili la bei ndogo. Nimeikokotoa naye. Bima mbili, matairi manane, service mbili, na nyumba yao ina nafasi ya gari moja getini. Zaidi ya hayo, hesabu yake inamwacha Mama J kwenye gari lile ambalo rula ilisoma 17. Mafuta anayoongeza sasa ni halisi na yanauma, lakini katika mpango wake gari jipya lingekuwa lake, na mto wa sofa ungebaki wa Mama J.